Kuvuka Mpaka wa Namanga kwa Miguu, kwa Mzigo na kwa Gari: Mwongozo Kamili

Namanga ni jina moja lenye miji miwili. Upande wa kusini ni Wilaya ya Longido katika Mkoa wa Arusha, upande wa kaskazini ni Kaunti ya Kajiado nchini Kenya, na juu ya yote miwili umesimama mlima Ol Doinyo Orok, yaani mlima mweusi kwa Kimaasai, ambao msafiri anayetoka Arusha huuona muda mrefu kabla ya kuliona geti. Kutoka Arusha mjini hadi hapo ni takriban kilomita 110, na kutoka hapo hadi Nairobi ni kama kilomita 165. Barabara hii ndiyo njia kuu ya nchi kavu kati ya Nairobi na Arusha, kwa hiyo foleni yake ina watu wa kila aina: watalii wenye mabegi makubwa, wanafunzi, akina mama wa vitunguu, madereva wa malori ya saruji, na watumishi wanaokwenda vikaoni makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Wazee wa pande zote mbili wanakumbuka kwamba mpaka huu uliwahi kufungwa kabisa, kuanzia Februari 1977 Jumuiya ya kwanza ilipovunjika hadi Novemba 1983. Leo uko wazi usiku na mchana. Hata hivyo, kuwa wazi si sawa na kuwa rahisi, na wengi wanaokwama hapa hawakwami kwa sababu ya ukali wa maofisa bali kwa sababu hawakujua wanazungumza na nchi ipi, kwenye dirisha lipi, kuhusu karatasi ipi. Mwongozo huu umeandikwa kwa msafiri wa kawaida, mfanyabiashara mdogo na mwenye gari lake binafsi. Makampuni ya malori yana mawakala wao wa forodha, na kazi yao sitaigusa sana.

Unasimama katika nchi unayoingia

Hili ndilo jambo la kwanza kulielewa, na ndilo linalowachanganya hata watu waliovuka Namanga mara nyingi zamani. Mfumo wa awali ulikuwa wa vituo viwili: unashuka upande wako, unapanga foleni na kugongewa muhuri wa kutoka, unatembea hadi ng'ambo, kisha unapanga foleni nyingine na kugongewa muhuri wa kuingia. Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani, kilichozinduliwa rasmi Desemba 1, 2018 na Rais John Magufuli na Rais Uhuru Kenyatta, kilibadili utaratibu huo. Sasa unalipita jengo la nchi unayotoka bila kusimama, na shughuli zote mbili, ya kutoka na ya kuingia, zinamalizwa ndani ya jengo la nchi unayoingia, kwa maofisa wa nchi mbili waliokaa karibu karibu.

Kwa maneno mengine, Mtanzania anayekwenda Nairobi hugongewa muhuri wa kutoka Tanzania akiwa tayari amesimama kwenye ardhi ya Kenya. Mara yangu ya kwanza baada ya mabadiliko hayo nilishuka kwa mazoea kwenye jengo la Tanzania na kujipanga. Nilikaa kwenye foleni karibu nusu saa, hadi mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu na ndoo yake akaniuliza ninakokwenda, akacheka, akasema: "Kaka, hapa ni kwa wanaoingia. Wewe unatoka, nenda ng'ambo kule." Nikabeba begi langu na kuvuka juani, nikiwapita akina mama wa Kimaasai wenye bangili na mikufu ya shanga, ambao kwa hakika walikuwa wamewaona wengi kama mimi.

Mpangilio huu una maana ya kisheria pia. Sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016 kuhusu vituo hivi inawaruhusu maofisa wa kila nchi kutumia sheria za nchi yao ndani ya eneo la udhibiti wa pamoja, hata kama jengo liko upande wa jirani. Ofisa wa Tanzania aliyeketi ndani ya jengo la Kenya bado ni ofisa wa Tanzania mwenye mamlaka kamili juu ya safari yako ya kutoka, na hoja ya kwamba "nimeshavuka" haina nguvu mbele yake. Kila unapofika dirishani, soma bango au uulize kwa adabu: hapa ni kutoka au ni kuingia?

Nyaraka za kuandaa kabla ya kuondoka nyumbani

Pasipoti hai ndiyo nyaraka bora kuliko zote. Raia wa Jumuiya asiye na pasipoti anaweza kutumia hati ya dharura ya safari, ambayo kwa Mtanzania hutolewa na Idara ya Uhamiaji kwa kuonyesha kitambulisho cha Taifa au cheti cha kuzaliwa pamoja na picha. Mkenya naye hupewa kibali cha muda cha kusafiria na mamlaka za kwao. Hati hizi zina muda mfupi, kwa hiyo soma tarehe zake kabla hujapanga siku za kukaa.

Kitambulisho cha Taifa peke yake hakitoshi hapa. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakivuka mipaka yao wenyewe kwa wenyewe kwa kitambulisho tu, na Wakenya wengi waliozoea kufanya hivyo Busia au Malaba hufika Namanga wakidhani mambo ni yaleyale. Tanzania haimo katika utaratibu huo. Vivyo hivyo, visa ya pamoja ya utalii ya Afrika Mashariki, anayoweza kuwa nayo mgeni wako kutoka Ulaya, ni ya Kenya, Uganda na Rwanda pekee. Haimwingizi Tanzania, na anapaswa kuomba visa ya Tanzania kwa njia ya mtandao mapema. Anayekuja upande wa Kenya akitokea nje ya Afrika naye aangalie iwapo anahitaji idhini ya kusafiri ya kielektroniki, ambayo ilichukua nafasi ya visa za Kenya Januari 2024.

Raia wa Tanzania au Kenya halipi ada ya visa, na kanuni za Soko la Pamoja, lililoanza kutekelezwa Julai 2010, zinaruhusu kukaa hadi miezi 6 kama mgeni. Neno "hadi" lina uzito wake: ofisa ndiye anayeandika idadi ya siku, na mara nyingi huandika kulingana na jibu lako. Ukisema unakwenda harusini wikiendi hii, usishangae kupewa muda mfupi. Sema ukweli, lakini sema ukweli wote, ikiwa ni pamoja na kwamba baada ya harusi utakaa kwa dada yako miezi miwili.

Muhuri wa mgeni hauruhusu kufanya kazi. Anayekwenda kuajiriwa anahitaji kibali cha kazi, na anayekwenda kufungua biashara ndogo upande wa Tanzania ajue kwamba agizo la Julai 2025 liliwazuia wasio raia kufanya biashara kadhaa, zikiwemo uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, ufundi wa simu, saluni na biashara nyingi za rejareja.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho wengi hukiita kadi ya njano, ni vyema kiwe mfukoni hata kama safari iliyopita hukuulizwa. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na tangu Julai 2016 cheti chake hutambulika kwa maisha yote, kwa hiyo usikubali mtu akuambie kwamba cha kwako cha miaka kumi na miwili iliyopita kimeisha muda.

Mtoto awe na hati yake mwenyewe ya kusafiria. Akiwa na mzazi mmoja tu, au na shangazi au babu, beba cheti chake cha kuzaliwa pamoja na barua ya ridhaa ya mzazi asiyekuwepo. Maofisa wa mipaka hii wamefundishwa kuwa macho kuhusu usafirishaji haramu wa watoto, na ni afadhali kuulizwa ukiwa na barua kuliko kuanza kupiga simu kijijini.

Siku yenyewe, kwa mfuatano

Kutoka Arusha utapata basi dogo la moja kwa moja hadi Nairobi, au utapanda Noah hadi Namanga, ukavuka kwa miguu na kupanda matatu upande wa pili. Basi la moja kwa moja humsubiri abiria wake, ila husubiri kwa mashaka. Kwa hiyo ukishuka, angalia namba ya usajili ya gari, iandike au ipige picha, na umwulize dereva litaegeshwa wapi baada ya ukaguzi. Magari hayo hufanana kupita kiasi.

Ndani ya jengo, mara nyingi hatua ya kwanza ni dawati la afya, ambapo huonyeshwa cheti cha chanjo na wakati mwingine hupimwa joto la mwili. Kisha unakwenda dirisha la uhamiaji la nchi unayotoka. Hapo pasipoti husomwa, huenda ukachukuliwa alama za vidole, na unagongewa muhuri wa kutoka. Usiondoke dirishani kabla ya kufungua ukurasa ule na kuuona muhuri na tarehe yake kwa macho yako. Nasema hivi kwa uchungu, kwa kuwa niliwahi kuharakishwa na kondakta nikaruka dirisha moja, nikaingia nchi ya pili bila kutoka ya kwanza, na siku ya kurudi nilitumia asubuhi nzima kueleza jinsi nilivyokuwa mahali pawili kwa wakati mmoja.

Dirisha linalofuata ni la nchi unayoingia. Majibu matatu yawe tayari: unakwenda wapi, kwa nani au kwa shughuli gani, na kwa siku ngapi. Baada ya muhuri wa kuingia, hesabu siku ulizoandikiwa papo hapo. Kosa la ofisa hurekebishika ukiwa bado umesimama mbele yake, lakini likigunduliwa wiki sita baadaye linakuwa kosa lako.

Mwisho ni mizigo. Mabegi hupitishwa kwenye mashine au hufunguliwa mezani na maofisa wa forodha. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 28, 2017 na Tanzania tangu Juni 1, 2019, basi hamishia vitu kwenye kikapu au begi la kitambaa kabla ya safari. Anayebeba fedha taslimu zinazofikia thamani ya dola 10,000 za Marekani lazima azitamke kwa forodha. Kuzibeba si kosa, kuzificha ndiko kosa.

Katika hatua zote hizi utakutana na vishoka. Hawa ni vijana wachangamfu wanaokudaka unaposhuka, wanaojua jina la kila dirisha na wanaojitolea kukushikia pasipoti "ili mambo yaende haraka". Ofisi haikuwatuma. Pasipoti isitoke mkononi mwako isipokuwa kwa ofisa aliye nyuma ya kioo, na malipo yoyote halali yana stakabadhi au namba ya malipo ya serikali.

Pesa

Wabadilishaji wa mitaani wanakuvamia kabla hata gari halijasimama. Mbinu yao ya kale ni kukunja noti katikati ndani ya kitita, ili anapokuhesabia kwa kuchambua ncha, noti moja ihesabike mara mbili. Vidole vyake vinakwenda kasi, mdomo wake unakuuliza habari za Arusha, na wewe unaitikia. Badilisha katika duka la fedha lenye leseni au benki. Kwa wenye laini zinazowezesha, kutuma kwa M-Pesa kati ya Vodacom ya Tanzania na Safaricom ya Kenya kumewezekana tangu mwaka 2015, na hilo hupunguza haja ya kubeba kitita.

Zikague noti unazopewa. Noti ya zamani ya shilingi 1,000 ya Kenya iliacha kuwa fedha halali baada ya Septemba 30, 2019, na noti ya karatasi ya shilingi 500 ya Tanzania ilikuwa miongoni mwa zile ambazo muda wa kubadilishwa ulikwisha Aprili 5, 2025. Mgeni asiyejua ndiye wa mwisho kuzipokea.

Mwenye mzigo wa biashara

Hapa ndipo penye maneno mengi, na ndipo wafanyabiashara wadogo wanapopoteza fedha bila sababu. Kosa kubwa ni kuamini kwamba kila kitu kinachotoka nchi ya Jumuiya hakitozwi ushuru. Msamaha wa ushuru wa forodha unategemea uasili wa bidhaa, yaani mahali ilipozalishwa, wala si mahali ulipoinunua. Vitunguu vilivyolimwa Tanzania ni vya Afrika Mashariki. Viatu vilivyotengenezwa China vikauzwa Eastleigh, Nairobi, vinabaki kuwa vya China hata kama risiti imeandikwa Kenya, na vitatozwa ushuru wa pamoja wa Jumuiya, ambao kiwango chake cha juu cha kawaida tangu Julai 1, 2022 ni asilimia 35. Nimemwona dada mmoja akikokotoa faida yake upya kwenye kikokotoo cha simu, amekaa juu ya marobota yake, na kila alipomaliza alianza tena kana kwamba jibu lingebadilika.

Kwa bidhaa zenye uasili wa Jumuiya upo Utaratibu Rahisi wa Biashara, uliowekwa kwa ajili ya mfanyabiashara mdogo hasa. Shehena isiyozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, yenye bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, hupewa Cheti Rahisi cha Uasili wa Bidhaa papo hapo mpakani na maofisa wa forodha, bila wakala. Nenda na risiti za ununuzi, uulize orodha hiyo, ujaze fomu mwenyewe au uombe usaidizi kwenye dawati la taarifa za biashara, na usimlipe mtu yeyote kwa kukujazia jina lako. Shehena inayozidi thamani hiyo inahitaji cheti kamili cha uasili, ambacho hutafutwa kabla ya safari, na hapo wakala wa forodha mwenye leseni ni wa lazima.

Cheti Rahisi kinaondoa ushuru wa forodha tu. Hakiondoi kodi ya ongezeko la thamani pale bidhaa ya aina hiyo inapotozwa kodi hiyo ndani ya nchi, ambayo ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, wala hakiondoi masharti ya afya na ubora. Mazao ya kilimo yanahitaji cheti cha afya ya mimea: upande wa Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na upande wa Kenya anayehusika ni KEPHIS, shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea. Kibali cha kuingiza hutafutwa kwanza, cheti cha afya kinafuata, mzigo unapakiwa mwisho. Wengi hupakia kwanza, ndipo nyanya zinapoozea juani huku mwenye mali akizunguka na simu.

Mahindi yana historia yake. Machi 5, 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakapanga mstari Namanga, na siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mzigo uwe na cheti kinachothibitisha kuwa sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Pima mahindi yako kabla ya kuyapeleka, na uyakaushe vizuri kabla ya kuyapima.

Wanyama na ndege hai ndio wenye hatari kubwa zaidi. Mwishoni mwa Oktoba 2017 maofisa wa Tanzania waliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya kupitia Namanga bila vibali, kwa hoja ya kuzuia mafua ya ndege. Hatua hiyo ilizua malalamiko makali pande zote mbili, na mimi pia niliiona ya kikatili. Lakini aliyeumia mfukoni alikuwa mwenye vifaranga. Bila kibali cha mifugo cha nchi zote mbili, usisogeze hata boksi moja.

Na njia za panya? Zipo, kila mtu wa Namanga anazijua, na bodaboda atakupitisha kwa bei ya soda mbili. Mzigo wa vitunguu ambao kwa Utaratibu Rahisi usingetozwa ushuru wowote unageuka kuwa wa magendo mara tu unapopita huko, na unaweza kutaifishwa pamoja na chombo kilichoubeba. Unahatarisha mtaji wote ili ukwepe ushuru ambao hukudaiwa.

Mwenye gari binafsi

Beba kadi halisi ya gari, au logbook kwa lugha ya upande wa pili, pamoja na leseni ya udereva. Gari likiwa la mtu mwingine, la kampuni au lina mkopo wa benki, beba barua ya idhini ya mwenye mali. Bima yako ya ndani haivuki mpaka. Iombe kampuni yako ya bima Kadi ya Njano ya COMESA, yaani soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, inayokinga madhara kwa watu wengine katika nchi zilizomo kwenye mpango huo wa bima. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki katika mpango wa bima, kwa hiyo kadi hiyo inafanya kazi pande zote. Angalia tu usichanganye njano hizi mbili. Nimemshuhudia dereva akimkabidhi askari wa barabarani cheti cha homa, na askari akakisoma chote kwa utulivu kabla ya kumuuliza kama gari nalo limechanjwa.

Forodha ya nchi unayoingia itakupa kibali cha muda cha gari chenye tarehe ya mwisho. Kinatolewa ndani ya jengo lilelile unapogongewa muhuri, lakini kwenye dawati tofauti, na wengi husahau kwa sababu foleni ya uhamiaji imeshawachosha. Nchi zote mbili huendesha kushoto, kwa hiyo barabarani hutapata mshangao mkubwa.

Safari ya kurudi ni ileile kwa kugeuza majengo: ukitoka Kenya unalipita jengo la Kenya na kusimama upande wa Tanzania, ambako ofisa wa Kenya ndiye wa kwanza. Kwa mwenye gari, hapo pia ndipo kile kibali cha muda kinapofungwa na forodha iliyokitoa. Kisipofungwa, kwenye mfumo gari lako linabaki ndani ya nchi ile, na safari ijayo utadaiwa kwa siku zote ambazo lilikuwa limeegeshwa nyumbani kwako.